Kiti Kisichoombwa



Miezi mitatu ya baridi tulikaa Busan, mji wa bandari kusini mwa Korea Kusini, mimi na mama watoto. Binti yetu alikuwa mja mzito huko masomoni, pamoja na mumewe. Bahari na meli hazikunistaajabisha, kwani mtu wa Mombasa amezaliwa nazo. Yaliyonishangaza ni mambo madogo.

Kadi moja hulipia basi na treni ya chini ya ardhi, wala hapana utingo wa kuteta naye juu ya chenji. Vyoo vya vituoni ni safi na havitozwi pesa. Viatu huvuliwa mlangoni kama kwetu, na sakafu hutiwa joto kutoka chini, hata kusujudu alfajiri kukawa raha. Siku ya Ijumaa tukishuka kituo cha Dusil, tukaenda kwa miguu hadi msikiti wa Al-Fatah, uliofunguliwa mwaka wa 1980.

Humo trenini, viti vya pembeni mwa behewa ni vya wazee, na aghalabu huachwa vitupu hata watu wamesimama. Viko pia viti vya waridi vya waja wazito. Binti yangu alipewa kidude kidogo cha kutia mkobani. Akikaribia kiti hicho, taa huwaka, na aliyeketi huinuka. Hakulazimika kusema neno. Taa imemwombea.

Siku ya kwanza kuiona taa ile, machozi yalinilenga. Nilimkumbuka marehemu mama yangu. Katika miaka yake ya mwisho aliacha kwenda darsa ya wanawake aliyoipenda mno, nasi tukadhani amechoka. Kumbe, kama alivyokuja kumwambia dada yangu, kipandio cha matatu kilimshinda, na kuinuliwa na vijana wasio maharimu zake aliona ni fedheha. Kuniomba nimpeleke akaona atanitaabisha. Nami, niliyekuwa nikisomesha haki za wazazi, sikumwuliza.

Sisemi Busan ni pepo. Niliwaona wazee waliopinda migongo wakisukuma mikokoteni ya makaratasi waliyookota, wakayauze. Na katika jengo letu, kwa miezi mitatu, hapana jirani aliyebisha hodi. Taa yaweza kumwinua kijana kitini. Haiwezi kumjulia hali mzee. Hilo la kujuliana hali sisi tunalo, na tusilipoteze.

Lakini na sitara pia ni katika dini yetu. Kumsaidia aombaye ni wema. Kumwondolea haja ya kuomba ni wema uliozidi. Niliporudi nilitazama mahali petu pa kutawadhia msikitini: sakafu yateleza, wala hapana pa kushika. Tukachanga, tukatia bomba la chuma ukutani na vigoda vitatu vya kukalia. Juma lile lile akaja mzee mmoja ambaye hatukumwona kwa muda mrefu. Akashika bomba, akaketi, akatawadha. Hakumwomba mtu mkono.

Ndugu msomaji, mtazame mzee wako nyumbani. Akiwa ameacha kwenda mahali alipopapenda, usikimbilie kusema amechoka. Mwulize ni kipandio gani kilichomshinda.