Magomeni Mapipa: Taka Zetu na Haki ya Jirani

Baada ya Swala ya Alfajiri tulitoka msikitini, wajumbe watatu wa kamati, tukaushika uchochoro unaoteremka kuelekea bonde la Msimbazi. Mtaa wetu umebeba jina la mapipa. Lakini asubuhi ile kilichotupokea ni viroba vilivyofumuka milangoni. Gari la taka lililokuwa likipita mara mbili kwa wiki sasa hupita mara moja, na pengine halipiti kabisa.

“Ada natoa, wanangu, na taka nabaki nazo,” alitulalamikia bibi mmoja, akifukuza nzi kwa upande wa kanga. Malalamiko yake ni ya haki, nasi tumeyaandika ili tuyafikishe serikali ya mtaa.

Hata hivyo, mwisho wa uchochoro tulikuta viroba vimetupwa mtaroni usiku. Masika yakija mtaro utaziba, na maji yataingia kwa jirani wa bondeni, si kwa aliyetupa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi tukidai haki yetu, tusimhamishie jirani udhia wetu. Jumamosi, inshaAllah, tutauzibua mtaro huo pamoja.