Sikio la Bibi Kizee

Bibi mzaa baba, kila alipotusimulia hadithi ya Masala Kulangwa, akifika kwenye sikio alinyamaza na kulishika sikio lake mwenyewe. Nilikuwa na miaka minane au tisa, katikati ya miaka ya 1960. Moto tuliouota ulikuwa wa mavi makavu ya ng'ombe, maana upande wetu wa Kisesa, karibu na Mwanza, kuni zilikuwa adimu na miti ilikuwa ya kuhesabu. Moshi wa moto huo unauma. Macho ya Bibi yalikuwa mekundu mwaka mzima, na ya wanawake wote wa rika lake yalikuwa hivyo hivyo, kwa sababu walikuwa wamepika umri wao wote juu ya moto ule. Nitarudi kwenye macho hayo.

Wasukuma wanaijua hadithi hii, lakini wapo wasomaji wasioijua. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Alinusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika rundo la makapi. Akazaa mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akauliza, mbona tuko wawili tu, wenzetu wako wapi? Akaelezwa. Akaanza kuwinda. Alirudi na panzi, akamuuliza mama yake, "Ndiye huyu?" Siye. Siku nyingine akarudi na swala. Siye. Mpaka siku alipoliua zimwi lenyewe, akalipasua tumbo, na watu wote waliomezwa wakatoka wazima, na ng'ombe wao wakatoka. Hapo watoto tulishangilia na wengine tukaanza kusinzia, kwani kwetu hadithi ilikuwa imekwisha.

Kwa Bibi ilikuwa haijaisha. Kisu cha Masala Kulangwa kilipopasua tumbo kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwa humo ndani. Akatoka damu zikimchuruzika, watu wote wakifurahi, yeye peke yake amekasirika, akataka kumloga kijana aliyemwokoa. Masala Kulangwa akaenda kutafuta dawa, akamtibu, sikio likapona. Ndipo watu wakamkubali kuwa mtemi wao.

Juu yetu, mlimani, ilikuwa parokia ya Bujora. Kanisa lake la mviringo lilijengwa mwaka 1958 na Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, mtu aliyeketi na wazee wetu miaka mingi akiuliza maana ya kila ngoma na kila kigoda. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora mwaka 1968. Aliijenga nyumba ya Mungu kwa sura ya nyumba zetu, na kwenye tabernakulo akaweka alama za utemi, ngao na mkuki. Mtoto wa Kisukuma hakuhitaji somo. Penye mkuki mlangoni, mwenyewe yumo ndani. Serikali ilikwishafuta utemi mwaka 1963, kwa hiyo mtemi wa pekee niliyepata kumsujudia mimi ni Yule aliyekuwa katika tabernakulo ya Bujora.

Katekista wetu alikuwa mwalimu hodari. Siku moja akaacha kitabu cha maswali na majibu, akatusimulia Masala Kulangwa, kisha akasema: Shing'weng'we ni mauti, na Kristo ameshuka kaburini akalipasua tumbo lake. Hakuna somo la dini lililowahi kuniingia kama lile. Maneno "ukombozi" na "ufufuo", ambayo mpaka siku ile tulikuwa tukiyakariri tu, yalipata tumbo, kisu na ng'ombe wanaotoka wakilia. Nilikimbia nyumbani kumwambia Bibi.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Na sikio?"

"Hakulitaja, Bibi."

Akarudi kupepeta mtama wake. Alikuwa hajabatizwa. Alimtambikia babu kaburini pake, akamwaga pombe kwa ajili ya masamva, yaani wahenga wa ukoo, na siku kubwa alipanda mlima kuja kanisani akisimama nyuma karibu na mlango. Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa pale pale. Yaliposomwa Mateso kwa Injili ya Yohana, akasikia kwamba Petro alichomoa upanga akamkata mtumishi wa kuhani mkuu sikio la kuume, na jina la mtumishi ni Malko. Bibi alinishika mkono kwa nguvu hata nikaumia. Tulipotoka hakuuliza juu ya msalaba. Aliuliza, "Lilipona?"

Sikujua. Yohana hasemi. Nikamrudia katekista, naye akafunua Luka akanionyesha: Yesu aligusa sikio la mtu yule, akamponya. Nikamkimbilia Bibi njiani na jibu hilo. Alibatizwa Pasaka iliyofuata, na mwenyewe alikuwa akiwaambia watu bila kuona haya kwamba alibatizwa kwa sababu ya sikio.

Kila Juni, siku za sikukuu ya Ekaristi, ilikuja Bulabo. Kwa Kisukuma neno hilo ni maua, kutokana na maua ya maandamano ya Ekaristi. Asubuhi tulitembea na Sakramenti. Baadaye uwanja ukawa wa ngoma, na hapo Usukuma wote ulikuja: Bagika upande mmoja, Bagalu upande mwingine, vyama viwili vinavyojinasibisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mahasimu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Majembe ya ngoma ya bugobogobo yalirushwa juu na kudakwa. Bayeye walicheza na chatu shingoni, wamechanjwa lukago, dawa yao ya nyoka. Manju, kiongozi wa nyimbo, aliwatukana wapinzani kwa mafumbo, na wapinzani wakajibu.

Watu wengine walimlaumu Padre kwa kuleta dawa za kienyeji karibu na altare. Mimi niliyekuwa pale nasema hakukosea. Kila mtu alijua kwamba pande zote mbili zilikuwa na dawa ya kuvuta umati. Aliyeshindwa alisema dawa ya wenzetu imetuzidi, akarudi kwao kutunga nyimbo kali zaidi za mwakani. Wivu na hofu ya uchawi vilikuwa na uwanja, ngoma na hakimu, na jua lilipozama mambo yalikuwa yamekwisha. Nilikuja kuijua thamani ya jambo hilo tulipolikosa.

Mwaka 1974 ilifika Operesheni Vijiji, serikali ikatuhamishia katika vijiji vya pamoja. Msukuma alikuwa akiishi katika kaya yake, na ng'ombe wake na mashamba yake, jirani wa karibu umbali wa kuitana. Tukawekwa mstari mmoja, mlango ukitazama mlango. Tuliyaacha makaburi. Bibi alichukua jiwe moja kutoka kwenye kaburi la babu akalibeba kichwani na vyungu vyake. Kila mtu akajua jirani amekula nini, ng'ombe wangapi wamezaa, mtoto wa nani anakohoa.

Zamani, maradhi yakiingia katika kaya, swali la kwanza la wazee lilikuwa: tumesahau nini? Nani kati ya masamva hajakumbukwa? Walikwenda makaburini, wakamwaga pombe, wakakiri uzembe wao. Kosa lilikuwa letu na dawa yake ilikuwa mikononi mwetu. Katika kijiji kipya makaburi yalikuwa mbali na swali likageuka. Watu wakaanza kuuliza: ni nani? Surua ilipopita na kuchukua watoto, baba wa mmoja wao alifunga safari kwa mfumu, yaani mganga wa ramli, akaenda na kuku wa kupasuliwa na kusomwa. Alirudi hasemi na mtu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mjane, rafiki wa Bibi tangu usichana. Walikuwa wakienda pamoja Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kununua dagaa. Aliishi peke yake na macho yake yalikuwa mekundu, na watu walisema kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi. Bibi alikuwa na macho yale yale, ila yeye alikuwa na wana wanne waliomzunguka. Usiku mmoja mwaka 1975 watu waliingia kwa mjane na mapanga. Kwetu, mtu akivamiwa hupigwa mwano, yowe la kuwaita watu, na asiyeitikia mwano ana aibu ya maisha. Nilikuwa macho. Nilisikia mlango, nikasikia sauti yake mara mbili. Nikangoja mwano upigwe na mtu mwingine. Nyumba zote za mstari ule zilikuwa zikingoja hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka 18 na kifua cha kupiga yowe likafika ziwani, nami nilinyamaza.

Asubuhi Bibi alikwenda kumwosha. Aliporudi alisema, "Sikio lake silioni." Hakuongeza neno.

Mauaji kama hayo yalienea Mwanza na Shinyanga. Serikali ilikamata watu kwa wingi mwaka 1976, na baadhi yao wakateswa na kufia mahabusu. Aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977 kwa kuwajibika, ingawa si yeye aliyewatesa. Tulisikia redioni. Nakumbuka wazee walivyoinamisha vichwa: vikongwe walikuwa wamekufa, watuhumiwa walikuwa wamekufa, na hakuna mtoto wa surua aliyerudi.

Ndipo nilipoanza kuielewa hadithi ya utoto wangu kwa namna iliyonitisha. Shing'weng'we alitufundisha kwamba msiba una tumbo moja, kwamba wapendwa wetu wamo ndani ya mwili wa mtu fulani, ukiupasua watatoka. Imani hiyo hairithiwi kwa mahubiri. Huingia usiku, karibu na moto, kabla mtoto hajajua kusoma. Lakini hadithi ile ile ilikuwa imebeba kinga yake, na kinga hiyo ndiyo sehemu tuliyoilalia usingizi. Mbele ya umati wote alisimama bibi kizee mwenye damu na hasira, anayetaka kuloga kweli kweli. Masala Kulangwa alikuwa na kisu mkononi, na watu aliowaokoa wangemshangilia kama angekitumia. Yeye akaona kwamba jeraha lile ni la kisu chake, akaenda porini kutafuta dawa. Katekista aliiacha sehemu hiyo, nasi tuliiacha. Bibi aliishikilia kwa kulishika sikio lake kila usiku.

Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa Mwanza, mwalimu mwenye watoto wangu, nilipokimbilia ufukweni na maelfu wengine. MV Bukoba ilikuwa imepinduka, meli iliyosajiliwa kubeba abiria 430 na iliyobeba wengi kupita hao. Habari zilitufikia kwamba watu wanasikika wakigonga ndani. Waokoaji walitoboa tumbo la meli ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikazama. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma. Pale ufukweni mtu mmoja karibu yangu aliuliza kwa sauti, nani amewala watu hawa? Nilimshika bega nikamwambia, kaka, meli ilijaa kupita kiasi. Aliniangalia kama nimemtukana. Lakini safari ile sikunyamaza, na nilirudia maneno hayo kwa kila aliyeuliza mpaka jioni.

Miaka kumi na moja baadaye, 2007, wakaanza kuwindwa ndugu zetu wenye ualbino katika mikoa yetu ya ziwa, viungo vyao vikitafutwa kwa ajili ya utajiri. Mtu huyo anayewindwa si zimwi hata kidogo, na bado watu walitoka na mapanga kumpasua.

Bibi alifariki mwaka 1983. Alizikwa kwa misa Bujora, na baba akaliweka lile jiwe la kaburi la babu juu ya kaburi lake. Padre aliliona, akalinyunyizia maji ya baraka pamoja na udongo. Mimi sasa ni mstaafu, nina wajukuu sita, na jiko la nyumba yangu lina dohani. Mahali palipokuwa nyumba ya mjane ni shamba la mihogo. Juni iliyopita nilipanda Bujora kwenye Bulabo, nikamkuta kijana akiwasimulia watoto wa shule Masala Kulangwa kwa Kiswahili kizuri sana, na alipofika kwenye tumbo watoto walipiga makofi naye akafunga hadithi. Nikanyanyuka na fimbo yangu, nikamwomba radhi, nikawaambia watoto wakae chini kwanza.

Nawe unayesoma, kama hadithi hii unaijua na una watoto wa kuwasimulia, usiifunge hapo. Fika kwenye sikio, na useme lilipona vipi.