Taa ya Tangi la Baba

Mwani mweusi haukubali kukwanguliwa. Ule wa kijani unaotanda kwenye kioo utauondoa kwa kadi kuukuu ya benki na mambo yaishe. Huu wa ndevu hung'ang'ania ukingo wa jani, na ukiuvuta, jani ndilo linalochanika. Katika tangi la samaki la Baba, la lita 120, ulishika kwanza anubiasi, mmea wenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, unaotoa jani jipya kwa mwendo wa kobe. Jani likikaa muda mrefu bila kukua, mwani hupata pa kutulia.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Jumamosi asubuhi alitoa nusu ya maji, akapunguza majani yaliyozeeka, akajaza maji yaliyolala ndooni ili klorini ipae. Taa aliizima kabla ya kulala. Alipofariki, Mama aliiwasha na hakuizima tena. Alisema hataki kuamka saa nane za usiku akute kona ile ya sebule nayo imekufa. Nani angembishia? Na wageni wa matanga walikuja na watoto, na kila mtoto alitaka kuwalisha samaki kwa kiganja chake.

Basi mwanga ukawa mwingi, chakula kikaoza chini, maji yakakaa wiki kadhaa bila kubadilishwa. Watu wa Kisumu wanaijua hesabu hii: mbolea na maji taka yakiingia ziwani, gugumaji hunenepa. Majini chakula hakikai bure, lazima atokee wa kukila. Mimea ikilemewa, mwani hujikaribisha.

"Hiyo kitu imeoza," kaka yangu akasema. "Tupeane hao samaki, tangi tuuze." Mama hakujibu. Aligeuza kiti chake kikaelekea tangi, basi.

Nilianza na yanayoshikika. Majani yaliyofunikwa kabisa niliyakata kwenye shina. Mawe nikayatoa na kuyasugua kwa brashi. Kemisti wa mtaani akaniuzia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Nilizima pampu, nikavuta mililita 5 kwa sirinji isiyo na sindano, nikanyunyiza polepole palepale penye ndevu, nikangoja dakika 10, nikawasha pampu na kubadilisha sehemu ya maji. Baada ya siku chache ndevu zile zikageuka rangi ya waridi. Kumbe mwani huu tunaouita mweusi ni wa ukoo wa mwani mwekundu, na huionyesha rangi hiyo ukishakufa. Moli wakaanza kuudonoa.

Lakini dawa huua mwani uliopo, haizuii unaokuja. Ilibaki taa, na taa haikuwa yangu.

"Mama, mimea ya tangi hutosheka na saa sita za mwanga kwa siku. Zinazozidi, mwani ndio unazila."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani mazungumzo yameisha.

"Zipi?" akauliza.

"Zipi nini?"

"Hizo saa sita. Ni zipi?"

"Zozote, bora zisikatike. Chagua wewe."

Akachagua saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Hakueleza, na hakukuwa na haja: ni tangu Baba alipokuwa akiamka usingizi wa mchana hadi alipokwenda kulala.

Nilinunua taima ya kuchomeka ukutani. Stima ikipotea, taima nayo husimama na kuchelewa, na Mama ndiye huirekebisha kwa kuangalia saa ya ukutani. Chakula cha samaki amekificha kabatini, hutoa chembe chache mara moja kwa siku. Jumamosi mimi hubeba ndoo, yeye hunionyesha jani la kukata.

Mwani haujaisha. Jiwe la nyuma bado lina kishungi, na nimekiacha, kwa sababu tangi lisilo na mwani hata kidogo sijaliona. Ila anubiasi imetoa majani manne mapya, na yote manne ni safi. Saa tatu usiku taima hulia kat. "Haya, laleni," Mama huwaambia samaki, kisha naye huingia chumbani kulala.