Ngozi ya Udhiya na Maji ya Shela

Alasiri ya Idi Kubwa tulishika njia ya ufukweni kutoka mji wa Lamu kwenda Shela. Nyama ya udhiya ilikwisha gawiwa; uani mlisalia ngozi, damu na samadi ya matumboni. Mbele yetu vilisimama vilima vya mchanga, vichujavyo mvua na kuhifadhi maji matamu ya visima vyetu. Tukakumbuka kwamba kinachotupwa ovyo leo chaweza kurudi mtungini kesho.

Mtume (s.a.w.) alipopita penye mzoga wa kondoo aliuliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake kwa kuidibaghi. Basi ngozi ya udhiya tusiiuze, wala tusimlipe mchinjaji kwayo. Tuitie chumvi siku iyo hiyo, tuianike kivulini, ifae msala ama itolewe sadaka. Samadi ya matumboni iozeshwe, iwe mbolea ya minazi. Damu ifukiwe mbali na visima.

Ila mnyama aliyekufa ghafula asichunwe kamwe, huenda ana kimeta. Aitwe daktari wa mifugo.

Mwenyezi Mungu azitakabali dhabihu zetu na atuhifadhie maji yetu. Amin.