Kibaba na Pishi: Utambuzi wa Krediti za Mwanafunzi wa Uzamili Aliyesomea Ng'ambo

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kusoma muhula mmoja ng'ambo naye hatimaye hurejea katika idara yake, hati ya matokeo mkononi. Swali ambalo makala haya yanalivalia njuga ni hili: je, elimu iliyomo katika hati hiyo huhesabiwa vipi inapofika nyumbani? Ninaliuliza nikiwa miongoni mwa walioonja ladha ya jibu lake.

Katika muhula wa baridi wa 2022/2023 nilisoma semina mbili za Kiswahili nchini Ujerumani, kila moja ikiwa na krediti 6. Kabla ya safari, mkataba wa masomo ulikuwa umetiwa sahihi na pande tatu: mimi, chuo changu na chuo kilichonipokea. Hata hivyo, niliporejea, kamati husika iliamua kwamba semina hizo hazingeweza kuchukua nafasi ya kozi mbili za nyumbani. Ilidaiwa kwamba saa zake hazikutosha, na kwamba majina yake hayakulingana na ya kozi zetu. Nikazisoma kozi hizo na kulipa karo ya muhula wa ziada. Kwa mwanafunzi anayejilipia masomo, muhula mmoja ni mshahara wa miezi kadhaa na tasnifu inayosubiri.

Hebu tuanze na hoja ya saa. Semina ya kawaida katika vyuo vikuu vya Ujerumani hukutana kwa saa 2 kila juma kwa takriban majuma 14, yaani saa 28. Kozi yangu ya nyumbani ilikuwa na saa 45 za mihadhara. Anayezitazama tarakimu hizo pekee atasema bila kusita kwamba 28 ni pungufu. Lakini mfumo wa krediti wa Ulaya, ulioanzishwa mwaka wa 1989 chini ya mpango wa Erasmus, haupimi saa za mwalimu kusema. Hupima kazi yote ya mwanafunzi: kuhudhuria, kusoma, kutafiti na kuandika. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi hiyo. Kwa hivyo krediti 6 ni saa 150 hadi 180. Sehemu kubwa ya saa hizo niliitumia maktabani, nikiandaa tasnifu ndogo ya kurasa ishirini kwa kila semina.

Aidha, krediti yenyewe si kipimo kimoja kila mahali. Kwa majirani zetu wa Tanzania, krediti moja ya chuo kikuu ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kwa kipimo hicho, krediti 6 za Ulaya ni sawa na krediti 15 hadi 18. Anayelinganisha 6 na 18 bila kuuliza chombo kilichopimia ni kama mnunuzi anayelinganisha vibaba na pishi kwa kuhesabu idadi tu. Alama nazo zina mtego wake. Nchini Ujerumani, 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Asiyelijua hilo akiiona 1.3 katika hati atadhani mwanafunzi ameponea chupuchupu, ilhali amefanya vyema mno.

Hoja ya pili ni ya majina. Semina yangu moja ilihusu miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nyumbani hatukuwa na kozi yenye jina hilo. Tulikuwa na kozi ya uhakiki wa matini. Lakini nilichojifunza kilikuwa nini? Kusoma nakala mbalimbali za utenzi mmoja, kuzilinganisha, kuzinukuu kwa hati za Kirumi na kueleza kwa nini nakala zinatofautiana. Kama huo si uhakiki wa matini, basi ni vigumu kusema uhakiki ni nini. Sisi wanafunzi wa isimu tunafundishwa kwamba maneno mawili tofauti yaweza kubeba maana moja. Ni ajabu kwamba tunalisahau somo hilo tunaposoma majina ya kozi.

Haki itendeke kwa upande wa idara pia. Idara ndiyo mlinzi wa shahada. Ikikubali kila karatasi iletwayo kutoka ng'ambo, itawaonea wanafunzi waliobaki nyumbani na kuzikamilisha kozi zote. Suala hapa ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Mkataba wa Lisbon wa 1997 uliweka kanuni kwamba masomo yatambuliwe isipokuwa taasisi ionyeshe kuwapo kwa tofauti kubwa. Mkataba wa Addis Ababa wa 2014, ulioanza kutumika mwaka wa 2019, uliifuata njia hiyo kwa nchi za Afrika.

Wala wazo hili si geni kwetu. Kati ya 1963 na 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Sheria ilisomwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, na shahada ilikuwa moja. Mnamo Mei 2017, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Tamko hilo litapata uhai pale tu kamati za idara zitakapolitekeleza.

Kwa mintarafu ya hayo, napendekeza mambo matatu. Mosi, idara itakayozihesabu krediti iwe ndiyo itakayotia sahihi mkataba wa masomo kabla ya safari. Pili, kozi zilinganishwe kwa stadi anazopata mwanafunzi na jumla ya kazi aliyoifanya. Tatu, kamati inayokataa ieleze kwa maandishi ni stadi gani inayokosekana, ili mwanafunzi aifidie stadi hiyo pekee badala ya kuirudia kozi nzima.

Nawe mwanafunzi mwenzangu unayejiandaa kusafiri, hifadhi muhtasari wa kozi, orodha ya vitabu na kila kazi uliyosahihishiwa. Mwishowe, vielelezo hivyo ndivyo vilivyoifanya kamati iitambue semina yangu ya miswada, ingawa wakati huo karo nilikuwa nimekwisha kuilipa.