Simu Katika Mtoto wa Meza

Mwanzoni mwa Juni 2024 nilimnyang'anya kifunguamimba wangu simu, nikaifungia katika mtoto wa meza yangu ya kusomea. Alikuwa na umri wa miaka 18. Mtihani wa kidato cha nne alikuwa ameumaliza Novemba iliyotangulia, na sasa alisubiri kuitwa chuo kikuu. Kusubiri kwenyewe kulikuwa kucheza gemu na wenzake usiku kucha, kisha kulala fofofo hadi jua la utosi. Saa nane za usiku nilimsikia kupitia ukutani akiwaamuru watu nisiowajua wakimbie, wajifiche, wamngoje mwenzao aliyeachwa nyuma. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu nilichukua simu.

Sharti nikiri kwamba simu hiyo niliinunua mimi. Machi 2020 alikuwa na miezi miwili tu katika kidato cha kwanza shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, na darasa lake halikurejea hadi Januari 2021. Nilimnunulia afuatilie masomo. Masomo yalififia baada ya majuma machache, gemu zikabaki. Mimi nami nilikuwa chumba cha pili nikihadhiri mbele ya kompyuta, mlango umefungwa, nikishukuru kimoyomoyo kwamba nyumba imetulia. Sisi wazazi tunapolalamika kuwa teknolojia imetupokonya watoto, ni nadra kuutaja utulivu ule tuliounua kwa fedha zetu wenyewe.

Kazi yangu ni kufundisha historia ya siasa. Kila mwaka nina mhadhara mmoja niupendao kuliko mingine, unaohusu kina mama waliogoma kula katika bustani ya Uhuru mwaka wa 1992, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Nawasimulia wanafunzi jinsi polisi walivyowavamia, na jinsi baadhi ya wazee wale walivyovua nguo mbele ya vijana wenye marungu. Ukumbi hunyamaza kabisa. Kisha hufunga mkoba wangu, nikarudi nyumbani kwangu, ambako sheria ni moja: mtoto hajibizani na baba.

Sheria hiyo niliirithi. Marehemu baba alikuwa karani wa serikali katika enzi ya Nyayo. Julai 1990, siku za Saba Saba, nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka alivyoihamishia redio chumbani mwake. Alikuwa akiisikiliza BBC kwa sauti ya chini, mlango umekomewa, na akitoka hatuambii neno. Kwa muda mrefu niliuita huo woga. Siku hizi nauhesabia watoto watano na mshahara mmoja, na siuiti chochote.

Turudi kwenye Juni. Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024 ulikuwa umeanza kuzungumzwa hata na watu ambao maisha yao yote hawajawahi kuushika mswada mkononi. Mkate ungetozwa kodi ya ziada ya thamani ya asilimia 16, na gari lingetozwa kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake. Juni 18 serikali ilitangaza kuviondoa vipengele hivyo na vingine. Jioni moja mezani nilisema, kwa ile sauti yangu ya mhadhara, kwamba vijana wameshinda na sasa watulie. Mwanangu akaniuliza, "Na vilivyosalia, baba? Umeusoma mswada wenyewe?"

Sikuwa nimeusoma. Nilikuwa nimesoma habari zake gazetini, jambo ambalo nisingemkubalia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Yeye, asiye na simu, alikuwa ameusomea katika kompyuta yangu nilipokuwa kazini.

Jumanne ya tarehe 25 niliwaambia watu wa nyumbani kuwa hakuna atakayetoka. Kijana akanitajia Kifungu cha 37 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Nikamjibu kwamba Katiba haijawahi kuzuia risasi. Alinyamaza, nami nikadhani nimeshinda hoja. Kufikia saa nne hakuwamo nyumbani.

Tunaishi Kahawa. Atokaye katikati ya jiji kwa barabara ya Thika hupitia Githurai kabla ya kutufikia. Alasiri hiyo Bunge liliupitisha mswada, waandamanaji wakaingia ndani ya majengo yake, na runinga ikatuonyesha moshi na miili iliyolala nje. Mke wangu alisimama mbele ya runinga bila kuketi. "Mpigie," akaniambia, kisha akakumbuka. Hakuongeza neno, na nilitamani angeongeza.

Nilivuta mtoto wa meza nikaiwasha simu. Ujumbe ukaanza kumiminika juu ya kioo kilichofungwa, mistari michache michache. Kundi lilikuwa na jina la timu yao ya gemu. Majina ya waandishi yalikuwa yale yale ya kubuni niliyokuwa nikiyasikia usiku kupitia ukutani. Mmoja alitangaza mahali palipo na maji. Mwingine aliuliza nani ana damu ya kundi la O. Mwingine aliandika nambari ya wakili, akasema kila mtu aiandike mkononi kwa kalamu. Halafu ukaja huu: "Asiwe na mtu wa kuachwa nyuma. Hesabuni."

Niliusoma nikiwa nimesimama. Kwa majuma mengi nilikuwa nimesikia sauti ya jambo hilo na kuliita upuzi.

Jioni mtandao ulizorota, ujumbe ukakoma. Usiku tulisikia milio ya risasi kutoka upande wa Githurai. Simu ikaita saa mbili na nusu, nambari ngeni. Nilipopokea, kijana wa upande wa pili alisita aliposikia sauti ya mtu mzima. "Ni babake," nikasema. "Mzee, yuko nasi," akajibu. "Tuko sita. Tunangoja barabara itulie." Alifika kwa miguu saa nne na nusu, macho mekundu, nambari ya wakili imechorwa mkononi.

Kesho yake Rais alikataa kuutia mswada saini. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Wengi wao, nadhani, walikuwa na baba aliyewaambia wasitoke.

Nilimrudishia simu. Akaniuliza, bila ukali, "Kama ningekuwa nayo siku ile, ungenipigia uniambie nini?" Nikamwambia kweli: ningemwambia arudi. "Basi," akasema.

Sitaki kuitakasa simu. Mwanangu yuko chuoni sasa, na muhula wa kwanza alifeli somo moja kwa sababu ya zile zile saa nane za usiku. Kamari imejipenyeza katika michezo hiyo. Katika kundi lile lile lililohesabu watu nimewahi kuonyeshwa uongo mtupu ukisambazwa kwa furaha, na nilipoukanusha niliitwa mzee wa serikali. Nilichokosea si kuiogopa simu. Nilikosea kudhani kwamba nikishaifungia nimemlea.

Kisha ikaja Desemba 2024, vijana kadhaa wakatekwa nyara baada ya kuchapisha mtandaoni picha na vibonzo vya kumkejeli Rais. Usiku mmoja nilimwendea mwanangu chumbani, mimi mhadhiri wa wale kina mama wa 1992, nikamwomba afute picha moja. Nilinong'ona, ingawa tulikuwa nyumbani kwetu. Aliifuta. Nilitoka nikaurudisha mlango taratibu, na mkono wangu ukiwa bado kwenye kitasa nikamkumbuka baba na redio yake.

Juni 25, 2025, mwaka mmoja ulipotimia, aliingia chumba changu cha kusomea asubuhi na mapema, simu mkononi, imezimwa. "Leo itakaa hapa," akasema, akavuta mwenyewe mtoto wa meza. Walikuwa wamekubaliana simu zao ziachwe, kwa kuwa simu humfichua mwenyewe alipo. Alinipa karatasi yenye nambari mbili: ya wakili, na ya mwenzao aliyebeba mulika mwizi.

Nilikuwa na hotuba tayari. Badala yake nilitazama miguu yake nikamwambia avae viatu vya kamba, si ndara. Alicheka, akarudi chumbani kubadilisha.

Mchana Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru runinga na redio zisitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano. Mke wangu aliizima runinga, akaja kukaa nami kando ya meza. Alirudi kabla ya giza. Simu yake aliisahau humo hadi asubuhi.