Kitabu Kilichonichukua Miezi Minne

Mwezi huu zamu ya kuandika ni yangu, na nimechagua kuongea juu ya kitabu kimoja. Najua kuna watakaoshtuka. Naomba msome mpaka mwisho kwanza, halafu mseme.

Kitabu kinaitwa At Swim, Two Boys. Kiliandikwa na Jamie O'Neill wa Ireland, kikatoka mwaka 2001. Nilikikuta kwenye boksi la vitabu vya msaada hapa Kakuma, katikati ya vitabu vya hesabu vilivyochakaa. Nilikichukua kwa sababu jina lake linataja kuogelea, basi. Mimi ni mtoto wa Uvira, nimekulia kando ya Tanganyika. Hapa mto wetu Tarach ni mchanga karibu mwaka mzima. Nilikuwa na hamu ya maji.

Jamani, ni kigumu! Kiingereza chake si kile cha darasani. Watu wanaongea kama walivyoongea Dublin miaka mia moja iliyopita, na mwandishi anaingia ndani ya mawazo yao bila kukupigia hodi. Wiki ya kwanza nilimaliza kurasa kumi na moja. Mdogo wangu akaniuliza, "Yaya, unasoma ao unasinzia?"

Hadithi inaanza mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza inaendelea, na Ireland bado iko chini ya Uingereza. Jim ni mtoto wa mwenye duka. Doyler ni maskini, anachechemea mguu mmoja, lakini hataki kuhurumiwa na mtu. Wanakutana mahali watu wanapoogelea baharini, panaitwa Forty Foot. Doyler anakubali kumfundisha Jim kuogelea, na wanapeana ahadi: Pasaka ya 1916 wataogelea wote wawili mpaka kwenye mwamba ulio mbali kule baharini, unaitwa Muglins.

Nilipoelewa kwamba hawa vijana wanapendana, si urafiki tu, nilikifunga. Nikakisukuma chini ya godoro kama kitu cha wizi.

Sasa niwaambie kwa nini. Nilikuwa na rafiki, jina lake nalificha. Tulitoka Uvira pamoja tukiwa watoto. Tulipofika miaka kumi na saba, maneno yakaanza kuzunguka juu yake, kwamba anapenda wanaume wenzake. Siku moja kwenye foleni ya maji vijana wakampiga teke mtungi wake, maji yakamwagika, watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake, kama watu watano hivi. Sikucheka. Lakini sikusema kitu, na sikumsaidia kuokota mtungi. Niliogopa wasije wakasema na mimi ni hivyo hivyo. Baada ya wiki chache akaondoka kwenda Nairobi. Hakuniaga, na sikumlaumu.

Kitabu nilikirudia kwa sababu ya ubishi tu. Nilishasota nacho wiki tatu, nikaona si haki kukiacha. Kusema ukweli, kingekuwa chepesi ningeruka kurasa zilizonisumbua. Hiki huwezi kukiruka. Kila sentensi nilikuwa naisoma mara mbili, na kwa hiyo hata hao vijana wawili nikawa nimewaangalia mara mbili. Nikaijua hofu ya Jim. Nikamjua baba yake, mzee aliyekuwa mwanajeshi wa Mwingereza, anayetafuta heshima mpaka anachekesha, kama baba mdogo wangu mmoja. Ule ukali wa Doyler mbele ya huruma za watu, nani kati yetu haujui? Sisi ni watu wa foleni.

Kuna mtu mwingine humo, MacMurrough, aliyefungwa miaka miwili na kazi ngumu kwa kosa la kuwa na mwanamume. Ndiyo adhabu aliyopewa kweli mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895. Sheria ile ilikuwa ya Waingereza. Ireland waliiondoa mwaka 1993. Hapa Kenya sheria ya namna hiyo ililetwa na wakoloni haohao, na mpaka leo inaweza kumfunga mtu miaka 14. Mimi nilikuwa nadhani mambo haya ni mila ya babu zetu tu. Sisemi kila tulichofundishwa ni uongo. Nasema nilishangaa.

Halafu Pasaka inafika. Jumatatu, tarehe 24 Aprili 1916, watu wa Dublin wanaingia kwenye mapigano, na Doyler yumo katika jeshi la wafanyakazi la James Connolly. Mwisho siwaambii wote. Lakini ninyi mliokimbia risasi mnajua vita haimuulizi mtu anampenda nani. Kurasa za mwisho nilizisoma nje usiku, na tochi ya simu, ili mama asinione nikilia.

Kesho yake nilitafuta namba ya yule rafiki yangu. Niliandika mengi, nikafuta yote. Mwishoni nikatuma: "Ile siku ya maji nilikuwa nyuma yako. Nilikuona. Nisamehe. Bado unaogelea?"

Siku mbili kimya. Kisha akajibu: "Mimi ndiye nilikufundisha wewe. Au umesahau?"

Sijasahau. Pale Kavimvira, alinishika tumboni nisizame, nikamwambia asiniachie. Kuhusu kunisamehe hakusema kitu. Bado tunaandikiana, polepole.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: vijitabu vya kunawa mikono tumevisoma, asanteni. Tuleteeni na vitabu vigumu. Muda tunao mwingi kuliko mnavyofikiri.

Na kwenu wenzangu: kitabu ninacho, anayekitaka aje. Kamusi pia nitamwazima.